Pigo la Tano

Pigo la tano ndilo lililomtia Kasim wasiwasi. Fundi aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli, na Kasim alikaa ile ya Nairobi miaka sita, anajua kwamba gurudumu la garimoshi likizunguka mara moja, mvuke hutoka mara nne. Chu, chu, chu, chu, basi. Hili garimoshi dogo la kuchezea, la kutiwa ufunguo, lililokuwa mezani kwake mtaani Majengo, Embu, lilikuwa linapiga mara tano, na lile la tano lilikuwa na unyevu wa mdomo.

Lilikuwa mali ya ofisa Mzungu wa kambi ya kizuizini. Mtu mzima na masharubu yake anacheza treni ofisini, na dirishani pake watu wamefungiwa ndani ya seng'enge kama mbuzi! Kilichomuudhi ni kwamba lilikimbia kimya.

"Wewe fanya hii iseme kama treni kweli," alimwambia Kasim. "Ikisema mzuri, Ijumaa bibi yako rudi nyumbani."

Bibi yake ni Sharifa, mzaliwa wa Kianjokoma, aliyekamatwa wiki saba nyuma kwa kuonekana na kikapu cha viazi karibu na msitu, wakasema anawalisha wapiganaji. Basi Kasim alitengeneza kikopo cha shaba, akabandika msasa ndani, akafunga waya kwenye ekseli ili ukwaruze mara nne kila mzunguko. Shaba aliikata kwenye chetezo cha marehemu mama yake, kile alichokuwa akimfukizia jini wake ubani. Nyingine angeitoa wapi, na maduka yamefungwa kwa amri ya Hali ya Hatari?

Alipolisikia pigo la tano aliutoa ule waya. Garimoshi likaendelea kupumua. Alilizuia magurudumu kwa kidole, mchana kweupe, jua liko mlangoni, na bado lilipumua, likanuka ubani na nywele zilizoungua, kisha likapiga king'ora chembamba kilichojikunja kikawa neno, na neno lenyewe lilikuwa jina lake. Kasiiim.

Alijifunika mdomo, akaenda mbio kwa Mwalimu Rashid, aliyewahi kumtuliza jini huyo mama yake alipokuwa hai.

"Umeitika?" Rashid alinong'ona.

"Sijaitika."

"Usiitike. Mtu wa kweli akiita asijibiwe, hurudia. Huyo huita mara moja tu, na anayemjibu humpa pumzi zake zote. Kalitupe mtoni Rupingazi leo hii."

"Na Sharifa je?"

Rashid alimsukuma taratibu hadi mlangoni.

"Mwalimu, nakuuliza, na Sharifa?"

Ijumaa Kasim alilipeleka garimoshi ofisini, kopo na kila kitu, maana alimtaka mkewe. Nani angemlaumu? Ofisa alilitia ufunguo, likazunguka meza likihema, naye akacheka hadi akafuta macho. Alitia sahihi barua ya kumwachilia Sharifa hapo hapo. Kupitia dirisha lililo wazi Kasim alimwona mkewe amechuchumaa uani kati ya wanawake wengine, amekonda, amenyolewa kichwa.

Ndipo king'ora kikalia. Shariiifa.

Kambini kulikuwa na desturi yao: ukiitwa mara moja usipoitika, rungu. Sharifa alikuwa ameshavunjwa vidole viwili kwa kuchelewa. Kasim alifungua mdomo amkataze, lakini yeye alikuwa ameshasimama wima, mikono ubavuni.

"Nipo, afande!"

Akaanguka kama gunia. Walipomgeuza, kifua chake kilikuwa kimebonyea, na mezani garimoshi lilikohoa kikohozi kidogo ambacho Kasim alikifahamu, cha mtu aliyezoea moshi wa jikoni.

"Sasa iko treni kweli kabisa," ofisa alisema, akampa barua yake. "Mimi hapana vunja ahadi. Chukua bibi."

Kasim alimbeba begani hadi langoni. Alikuwa mwepesi mno. Hapo, nyuma yake, kutoka dirisha la ofisi, sauti ikamwita, taratibu, ile ambayo Sharifa alikuwa akimwitia chai jioni. Kasim.

Alisimama. Alisubiri irudie. Alisubiri mpaka askari wa lango akamwambia aondoke, na haikurudia, na sasa alijua hakika kwamba aliyeita si mtu.

"Naam, mke wangu," akaitika.