Mtu wa Vyuo Viwili

Foleni ya kile chuo kikuu kikubwa ilizunguka ukumbi mzima wa maonyesho ya vyuo, ikapita mlango wa choo, ikarudi. Hawra alikuwa amesimama humo dakika hamsini, koti lake la rangi ya haradali limemtia joto. Alipokanyagwa mara ya nne, kiatu kikamtoka. Akaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye meza isiyo na mtu mbele yake, akashika ukingo.

"Ya Ali, mguu wangu!"

"Kumbe Mswahili?" akauliza kijana aliyekaa nyuma ya meza, shali ya kijani shingoni.

"Na wewe?"

"Nusu. Nusu nyingine ni Brampton, mji nilikokulia."

Hawra akacheka, kisha akasoma bango. Chuo cha Fernhill, New Brunswick. Wanafunzi mia saba.

"Mia saba tu? Harusi ya binamu yangu ilikuwa na watu zaidi."

"Na bibi harusi alizungumza na wangapi?"

Swali hilo likamkalisha. Kijana aliitwa Mujtaba, miaka ishirini na mitano, mwalimu wa shule ya msingi. Alisoma Fernhill, na leo alikuja kuwasaidia tu kukaa mezani. Hawra alikuwa na ishirini, na kwa miaka miwili alipokea simu katika kliniki ya meno huko Markham, akiweka akiba ya kusoma. Alipokumbuka foleni, ilikuwa imeshafungwa. Wala hakuisikitikia.

Baridi ikaingia, na simu zikaanza.

"Kliniki ya meno, nikusaidie?"

"Jino linaniuma, laazizi."

"Lipi?"

"La hekima."

"Hilo wewe hujaota."

Walikutana Jumapili kunywa chai, wakatembea theluji ikiwalia chini ya viatu, na kila mara mazungumzo yakarudi palepale. Mujtaba aliimba sifa za chuo kidogo: mwalimu anakujua kwa jina, unasoma falsafa asubuhi na kemia mchana. Hawra alimwamini. Mapenzi yakishaota, hata matangazo ya chuo husikika matamu.

Masika vyuo vyote viwili alivyoomba, kile kikubwa na Fernhill, vikamkubali. Jibu lilitakiwa Jumatatu kabla ya saa kumi na moja jioni.

Baba yake, Mzee Akbar, muuza vigae, alikuwa na jibu tayari. "Miaka ishirini na mbili nauza vigae, ili siku moja nikitaja mwanangu anasoma wapi, watu wanyamaze. Nikisema Fernhill watauliza, ndiyo nini hiyo? Duka la maua?"

Hawra akawa hakai mahali. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta simu. Leo anapanda treni kwenda mjini kutazama kuta za mawe za chuo kikubwa, moyo unamdunda kwa tamaa. Kesho anasoma tena barua ya Fernhill, moyo unadunda vilevile. Lililomshika ni neno la Mujtaba: kama yeye anasema kidogo ni bora, basi ni bora.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, baada ya majlisi msikitini, Mujtaba alimkuta Bibi Shireen, bibi yake Hawra, amekaa kwenye kiti karibu na rafu za viatu. Kijana alikuwa ametia nia ya kusema ukweli fulani, na Kiswahili chake alikifanyia mazoezi garini njia nzima.

"Wewe ndiye mwalimu?" Bibi aliuliza. "Haya, nipe habari zako, baba."

"Bibi, mimi nimepitia vyuo viwili."

Nyusi za Bibi zikapanda. "Viwili! Na umri huu?"

"Ndiyo. Cha kwanza wazazi ndio walionichagulia. Kikubwa, cha fahari. Nilikaa mwaka mmoja, sikupata raha, nikaacha."

"Ukaacha. Na cha pili?"

"Cha pili nilikipenda mwenyewe. Miaka minne. Kimekwisha kwa wema, mpaka leo tunaandikiana."

"Hawra anajua?"

"Anajua cha pili tu. Cha kwanza nimemficha. Naona haya."

"Haya ni nzuri," alisema Bibi kwa ukali, akaomba viatu vyake.

Maskini Mujtaba! Kwa Waunguja wa rika la Bibi Shireen, chuo si shule tu. Chuo ni ndoa. Mwanamke wa vyuo vitatu ameolewa mara tatu, na mwanamume wa vyuo viwili, yaani Mujtaba, ana mtalaka mmoja na mwingine anayeandikiana naye mpaka leo. Hawra amelelewa na Kiswahili hicho hicho. Bibi alipomsimulia garini, Hawra hakuuliza mara mbili.

Mujtaba alipiga simu mara kumi na moja. Jumamosi akapata ujumbe: "Nimechagua kikubwa. Usinipigie tena." Ulikuwa uongo, maana hakuwa amebonyeza chuo chochote kwenye mtandao. Lakini mtu aliyemficha ndoa mbili, ushauri wake juu ya chuo una thamani gani? Hawra alilia kwa hasira, akanawa uso, akalia tena.

Jumatatu, saa kumi na moja kasorobo jioni, Mujtaba aliingia kliniki na shali yake ya kijani, akasimama mbele ya meza ya mapokezi. Nyuma yake wagonjwa wanne walishika mashavu.

"Una miadi?" aliuliza Hawra bila kumtazama.

"Sina."

"Una wake wangapi?"

"Nini?"

"Bibi kaniambia yote. Mmoja umemwacha baada ya mwaka, na mwingine mpaka leo mnaandikiana!"

"Mmoja? Nani kasema mmoja? Mimi nilisema kimoja! Chuo, Hawra! Chuo cha kusoma! Ninaandikiana na walimu wangu!"

Hawra alimtazama, mkono ukaenda mdomoni. Akacheka, akamweleza kwamba kwa Bibi chuo ni ndoa, kisha kicheko kikakatika.

"Cha kwanza ni kipi?"

"Hicho hicho anachokitaka baba yako."

"Na hukuniambia."

"Nilishindwa. Nilikuwa nakula peke yangu kwenye ngazi za maktaba. Sikutaka unione vile."

"Miezi saba unaniambia kidogo ni bora. Ulikuwa unanishauri mimi au unajitibu mwenyewe?"

Mujtaba alivua shali, akaikunja. Kisha akasema polepole, "Labda nilijitibu. Basi sahau yote niliyosema. Mimi nilishindwa, wewe huenda ukang'ara. Ukienda kikubwa, nitakuja kula na wewe kwenye ngazi."

Simu ililia. "Kliniki ya meno, tafadhali subiri," alisema Hawra, akaiweka chini. Akabaki ameitazama.

"Miaka miwili nawaambia watu wasubiri," alisema. "Machi mwalimu mmoja wa Fernhill alinipigia. Akaniuliza swali, nikajibu. Akauliza la pili, kutokana na jibu langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza la pili."

Akafungua ukurasa wa majibu kwenye kompyuta, akabonyeza Fernhill. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na mbili.

"Hiki changu," alisema. "Si chako, si cha Baba."

"Kilomita elfu moja na mia tatu kutoka hapa."

"Najua. Naogopa tayari."

"Hawra, vya kusoma ninavyo viwili. Cha Bibi sina hata kimoja. Nakitaka kimoja tu, na wewe. Tufunge ndoa kabla hujaondoka, karamu ingoje mpaka umalize."

"Baba atakupiga kwa kigae."

"Kimoja?"

"Viwili. Kimoja kwa kila chuo." Akafuta machozi kwa ncha ya hijabu. "Njoo umwombe kesho. Ndiyo."

Mzee Akbar hakupiga mtu. Alipanga na kupangua vigae dukani kutwa nzima, kisha akakubali, akaomba aandikiwe neno Fernhill kwenye karatasi ajifunze kulitamka.

Asubuhi ya Jumatano Bibi Shireen alimpigia dada yake Unguja, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni alikokuwa Hawra, ambaye chai yake ilikuwa imepoa bila kunywewa.

"Hawra wetu kapata vyuo viwili!"

Dada akapiga ukelele. "Viwili? Kwa mpigo? Na Akbar yu hai?"

Bibi alifungua mdomo aeleze kwamba kimoja ni cha kusoma na kimoja ni cha ndoa. Kisha akaona bora dada yake naye ahangaike kidogo, kama yeye alivyohangaika, akakata simu.