Dizeli Iliyofuliwa

"Mahindi yamekauka," redio ikakohoa.

Maana yake: lori limetoka.

Leona Vondra, mkaguzi wa kodi, akakanyaga mafuta. Dodge Charger ya serikali ikaruka kama imechomwa sindano, na vumbi la changarawe likafunika mashamba ya Nebraska kushoto na kulia. Mbele yake, Peterbilt jeupe lenye tangi refu lilikwenda taratibu.

Taratibu mno.

Likakata kona, likaingia uani kwa Royce Tillman.

Leona akashuka, mkono kwenye bastola ya Glock. Akapanda tangi, akachovya mrija wake wa kioo, akauinua juani.

Nyekundu. Dizeli ya shamba. Halali kabisa.

Tillman alikuwa barazani, kofia ya Stetson imemfika kwenye nyusi, vikombe viwili mezani. "Karibu, dada. Kahawa yako nilikuwekea, ila imepoa. Njiani kulikuwa na foleni?"

Alijua anakuja. Mara ya tatu hii.

Mchezo wenyewe ulikuwa mtamu kwa anayeucheza. Dizeli ya barabarani ni safi, na inalipiwa kodi ya serikali kuu. Dizeli ya trekta hutiwa rangi nyekundu, haina kodi, na ole wako ikikutwa ndani ya gari la barabarani. Ikaja sheria mpya: ukiitia rangi dizeli iliyokwisha kulipiwa kodi, serikali inakurudishia kodi hiyo. Sheria nzuri, ya waungwana. Tillman akatia rangi, akarudishiwa, kisha akaifua dizeli kwa udongo maalumu hadi ikatakata, akaiuza barabarani kama vile imelipiwa. Anakula huku, anakula na kule. Wenye vituo waaminifu wanafunga milango.

Simu ikatetemeka. Mkuu wake, Bi Odegaard, kutoka Omaha.

"Waliojua msako wa leo ni wawili tu. Wewe na Darrel."

"Kwa hiyo, Mkuu?"

"Darrel amezeekea kazini. Wewe umekuja juzi. Jioni niletee beji."

Akakata.

Darrel Sedlacek alimkuta kwenye kituo cha mafuta cha mjini, kajikunja ndani ya gari. Darrel, mzee wa kitambi na vicheko, ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ya harusi ya Leona, baba mzazi akiwa kaburini, Darrel ndiye aliyemshika mkono hadi madhabahuni. Leo alikuja na pikapu yake ya Ford na boksi la kolachi, vile vimikate vya jamu ya aprikoti ambavyo Leona hajawahi kuvikataa.

"Kula, binti. Mtu hafukuzwi kazi na njaa. Mimi nitakusemea."

Akaingia ndani kununua kahawa. Mbili, kama siku zote.

Leona akabaki anaitazama ile pikapu. Darrel alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Ofisini walimtania kwamba asipokuwa na cha kusoma huvua miwani, isije ikachakaa. Kila bei ya dizeli ilipopanda, ofisi nzima ililijua tumbo lake linavyouma. Ila miezi hii, kimya.

Chovya kila tangi, alimfundisha mwenyewe, hata la mama yako.

Akachovya.

Nyekundu.

Yeyote aliyekulia shambani huko anajua mkono unavyowasha mbele ya tangi jekundu la bure. Lakini Darrel alishauza shamba, mpaka na trekta. Tangi analochotea ni la nani?

Akairudisha kolachi kwenye boksi.

Darrel aliporudi, Leona alikuwa ameshafuta macho. Akamwambia amechoka, anapeleka beji Omaha, na walinzi wa barabara ya kusini wameondolewa wote. Darrel akampapasa bega, akasikitika sana, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Leona naye alikuwa na ya kwake.

"Mkuu, nimekutumia picha. Pikapu ni ya Darrel. Nipe askari, na redioni pasisikike neno."



"Unao."

Peterbilt lilitokea barabara ya kusini, safari hii mbio. Nyuma yake, Tillman na pikapu iliyojaa ule udongo wa kufulia dizeli, umegeuka mwekundu kama bitiruti. Kermit, binamu yake Leona, akaiingiza kombaini yake ya kuvunia, ya John Deere, katikati ya barabara, akazima injini, akafungua sandwichi.

Breki zikalia. Askari wakachomoza kwenye mahindi. Tillman akapeleka mkono kiunoni, akakuta Glock imekwisha fika sikioni mwake.

"Kahawa yako imepoa, kaka."

Kwenye dashibodi, simu ya Tillman ikaita. Leona akaipokea.

"Royce, rudi," sauti ya Darrel ikahema. "Hajaenda Omaha."

"Ni mimi, mzee."

Upepo ukapita kwenye mahindi.

"Binti... zilikuwa galoni chache tu. Na bahasha mbili tatu."

"Ulisema utanisemea. Ungesema nini?"

Leona akamsubiri zaidi ya alivyostahili kusubiriwa, kisha akakata.

Jioni alipita kile kituo cha mafuta. Mwuzaji alikuwa ameshashika vikombe.

"Mbili, kama kawaida?"

"Moja."

"Na mzee?"

"Mzee leo anakunywa ya serikali, rumande."

Akalipa, akalisukuma boksi la kolachi juu ya kaunta.

"Chukua. Aprikoti siipendi tena."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka.