Jeupe au la Kijivu?

Kila Jumamosi asubuhi Shamila alijifunga kitenge kiunoni, akajaza maji kwenye ndoo na kwenda kuosha magari ya baba yake. Mzee Swalihu alikuwa na yadi Kizota, mjini Dodoma, kati ya karakana ya kuchomelea mageti na mashine ya kukamua alizeti. Kwa miaka mingi aliuza baiskeli. Lakini siku hizo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, magari yaliyotumika yalikuwa yakiingia nchini kwa wingi, na mwaka huo wa 1995 naye akajitosa.

Jumamosi hiyo yalikuwapo magari mawili. Yalifanana kama mapacha: kampuni moja, ukubwa mmoja, milango minne, nafasi ya watu watano bila kubanana. Moja lilikuwa jeupe, jingine la kijivu.

Shamila alianza na jeupe. Alipoinua kapeti la nyuma akung'ute vumbi, vidole vyake viligusa tope lililokauka, gumu kama tofali. Chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu.

"Baba, huku kuna tope!"

Mzee Swalihu alikuja haraka, akachungulia, kisha akalirudisha kapeti mahali pake. "Liache hivyo hivyo. Wewe osha nje."

Fundi Yoramu, aliyekuwa chini ya gari la kijivu, alisubiri mpaka mzee alipoondoka.

"Hilo lilizama Gulwe, mto ulipofurika," alinong'ona. "Baba yako alilinunua bila kujua. Nyaya zake zinaoza. Leo linawaka, kesho linakuzimikia porini. Lakini usinitaje, mwanangu. Naitegemea kazi hii."

Saa nne wateja waliingia, na Shamila alipowaona alishtuka. Alikuwa Mwalimu Elieth, mwalimu wake wa darasa la sita, pamoja na mumewe, Bwana Thomas, karani wa wizarani. Katikati yao walimshika mikono binti yao Evodia, mwenye umri wa miaka mitano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Shamila. Kumbe hapa ndipo kwenu!"

Shuleni kila mtu alijua habari za Evodia. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu uliokuwa ukimshika ghafla kwa maumivu makali ya mifupa. Walikaa Msalato. Kila alipozidiwa, baba yake alimfunga mgongoni na kupiga pedali za baiskeli mpaka hospitali mjini, mtoto akilia njia nzima.

Bwana Thomas aliingia hili, akatoka, akaingia lile. "Jeupe lina kiyoyozi kizima," alisema. "La kijivu linapuliza joto tupu, na mlango wake umekwaruzwa."

"Jeupe kwa vumbi la Dodoma?" mkewe alicheka. "Utaliosha asubuhi na jioni!"

"Nitaliosha."

Evodia alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma cha jeupe na kujinyoosha. "Mama, ona, hapa ninalala!"

Mwalimu Elieth alisitasita, kisha akamgeukia mwanafunzi wake. "Shamila, wewe ndiye unayeyaosha. Ungekuwa mimi, ungechukua lipi?"

Mzee Swalihu alimtazama binti yake.

"Yote mazuri, Mwalimu," alijibu, macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Wakachagua jeupe. Walikubaliana kurudi Jumatatu jioni kukamilisha malipo na kulichukua.

Jumapili Shamila alimfuata mama yake jikoni, akamweleza yote. Mama aliendelea kuchagua mchele. "Nimeshasema na baba yako mpaka nimechoka," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi na wewe tutafanya nini?"

Wakati wa chakula cha mchana Shamila alijipa moyo. "Baba, Mwalimu ana mgonjwa."

"Unadhani sikumwona yule mtoto?" Mzee Swalihu alifoka. Halafu sauti ikamshuka. "Kila nilichokuwa nacho nimekiweka kwenye magari yale. Nikisema ukweli, nani atalinunua lile jeupe? Mtakula nini?"

Aliisukuma sahani pembeni, chakula kikiwa hakijaguswa. Shamila alikuwa amejiandaa kugombezwa. Hakuwa amejiandaa kumwona baba yake akiinamisha kichwa, akiwa hana la kufanya kama yeye. Hilo lilimtisha zaidi.

Jumatatu darasani alitazama ubao bila kuona kitu. Mwalimu Elieth alipopita kati ya madawati alimgusa begani. "Leo tunalifuata gari letu," alisema akitabasamu. Shamila alitaka kumwambia pale pale. Lakini Mwalimu alikuwa ameshafika dawati la mbele.

Jioni Bwana Thomas aliziweka karatasi juu ya boneti la gari jeupe, akatoa kalamu. Evodia alikuwa kiti cha nyuma, ameshavua viatu. Shamila alimwona akipapasa kiti kwa furaha, na machozi yakamtoka.

"Mwalimu, nilikudanganya."

Wote waligeuka.

"Gari hili lilizama mtoni. Chini ya kapeti kuna tope na kutu. Litawazimikia njiani na Evodia."

Bwana Thomas aliweka kalamu chini, akafungua mlango wa nyuma na kuinua kapeti. Alilikwangua tope kwa ukucha. Shamila hakuthubutu kumtazama baba yake.

"Mtoto anasema kweli," hatimaye Mzee Swalihu alisema. "Mimi ndiye niliyeficha. Mkiondoka sasa hivi, sitawalaumu."

Bwana Thomas alikusanya karatasi zake kwa hasira na kumshika mkono Evodia. Walikuwa wamekaribia geti Mwalimu Elieth aliposimama. "Na la kijivu?" aliuliza. "Na hilo mmeficha nini?"

Fundi Yoramu alijitokeza akifuta mikono. "La kijivu nimelikagua mwenyewe, Mwalimu, injini mpaka breki. Kiyoyozi ndicho kibovu. Twendeni nalo Msalato na kurudi, mhakikishe."

Walikwenda, wakarudi jua likizama. Bwana Thomas bado alikuwa amekunja uso, lakini alitia sahihi ya kulinunua la kijivu.

Lile jeupe lilivunjwavunjwa, milango, vioo na matairi yake vikauzwa, na kila mnunuzi aliambiwa lilikotoka. Hasara ilikuwa kubwa. Mwaka ule Idi ilipita bila nguo mpya kwa Shamila na mama yake.

Siku moja Mwalimu Elieth alipita yadini kusalimia. Juma lililotangulia Evodia alikuwa amezidiwa, wakamfikisha hospitali mapema.

"Asante kwa binti yako," alimwambia Mzee Swalihu.

"Ameniaibisha," mzee alijibu, "na ninamshukuru."

Mwalimu alimgeukia Shamila. "Sitakusifu tu. Jumamosi ile nilikuuliza kwa sababu nilikuamini, nawe ukanidanganya. Ungesema siku ile, baba yako angepata nafasi ya kujieleza mapema, nawe usingeteseka siku mbili. Lakini ulirudi ukasahihisha kabla mtoto wangu hajaumia, tena mbele ya watu uliowaogopa. Ukikosea tena, fanya vivyo hivyo: rudi useme ukweli, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, Mwalimu," Shamila alisema, na safari hii alimtazama machoni.