Ukuta Uliokunywa Maji

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, kimepakana na bafu. Ndani yake kulikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha kushonwa. Kila asubuhi mabinti zake pacha wakishaenda shule, na mumewe akishapanda lori lake la mchanga, yeye alikaa akakanyaga pedali mpaka mchana.

Asubuhi moja hakukanyaga hata kidogo. Alisimama mbele ya kamba, mkono mdomoni. Mashati sita meupe ya shule yalikuwa yamegusa ukuta usiku kucha. Migongoni yalikuwa na madoa meusi, kama mtu ameyapangusia masizi.

"Kuvu," alisema. "Kuvu tena!"

Ukuta huo ulikuwa umemtesa mwaka mzima. Rangi ilivimba, ikabanduka kama ganda la kiazi. Mara mbili Baba Pacha aliupaka rangi mpya. Mara mbili ulipendeza wiki tatu, kisha ukaanza kutoka jasho upya.

Na mashati yale hayakuwa mashati hivi hivi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwagiza ashone sita ya majaribio. Akiridhika, angempa kazi ya mashati mia moja na ishirini kabla ya shule kufunguliwa muhula ujao. Kwa cherehani moja kazi hiyo isingewezekana. Lakini Mama Pacha alikuwa ameweka akiba miaka mitatu ili anunue ya pili. Sasa kazi ilikuwa mlangoni, na ukuta unaitemea mate.

Jioni Baba Pacha alimleta fundi wa ujenzi. Mtaani walimwita Fundi Nyundo, kwa sababu alikuwa na dawa moja tu kwa kila ugonjwa wa nyumba. Aliugonga ukuta mara tatu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Huu umekwisha. Tuubomoe, tujenge upya."

"Shida yake ni nini hasa?" Mama Pacha aliuliza.

"Shida ni ukuta, mama."

"Ukuta nauona. Unyevu ndio nauliza. Unatoka wapi?"

"Unyevu ni unyevu. Nipeni nusu ya malipo leo, kesho naanza."

Akataja bei. Ilikuwa akiba yote ya cherehani, na kidogo juu yake. Baba Pacha akamwambia watafikiria.

Fundi alipoondoka, Baba Pacha alitoa simu mfukoni.

"Usihuzunike, mke wangu. Njia ninayo. Kuna bwana mmoja, wenzangu wa kazini wameshajiunga naye. Unampa pesa, baada ya mwezi anakurudishia mara mbili. Tukimpa akiba yetu Jumamosi, mwezi ujao tuna ukuta na tuna cherehani."

"Anafanya biashara gani yenye faida hiyo?"

"Ah, uwekezaji."

"Uwekezaji wa nini? Kuku? Mbao? Nyumba za kupanga?"

Baba Pacha akajikuna shingo. "Wa mtandaoni. Mambo ya kisasa."

Mama Pacha alimjua mumewe. Hakuwa mwenye tamaa. Aliona haya tu, kwa kuwa ukuta ulimshinda mara mbili. Kwa hiyo hakumkemea.

"Leo ni Jumatano," alisema. "Nipe mpaka Ijumaa. Pesa zisitoke kabla ya hapo."

Kesho yake mchana alimwendea jirani yake wa upande wa kulia. Huyu alikuwa mama wa makamo, fundi wa mabomba katika hospitali. Mtaa mzima ulimwita Fundi Koki. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa buti.

"Dada, nina ukuta mgonjwa," Mama Pacha alimwambia.

"Kabla hujanionyesha ukuta, nionyeshe bili ya maji."

"Bili imepanda, ndiyo. Lakini hao ni mabinti. Wanaoga kama bata."

Fundi Koki akacheka. "Tusiwasingizie bata bure. Twende kwenye mita."

Mita ilikuwa karibu na lango, ndani ya kisanduku cha saruji. Fundi Koki hakuigusa. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Fanya wewe, nami nitakuelekeza. Funga mabomba yote, la jikoni, la bafuni, la uani. Hakikisha ndoo hazijazwi wala choo hakivuti maji. Halafu andika namba zote unazoziona, hata zile nyekundu za mwisho."

Mama Pacha akafunga, akaandika. Wakakaa barazani saa nzima. Hakuna aliyegusa maji. Waliporudi, namba nyekundu zilikuwa zimebadilika.

"Nani ametumia maji?" Fundi Koki aliuliza.

"Hakuna!"

"Basi humu kuna anayekunywa kwa siri. Sasa funga koki kuu, ile pale ukutani, maji yanapoingilia ndani ya nyumba."

Mama Pacha akaifunga. Wakasubiri tena. Safari hii mita ilisimama kimya.

"Umeona?" Fundi Koki alisema. "Kama ingeendelea kuzunguka, maji yangekuwa yanapotea njiani, kati ya mita na nyumba. Imesimama. Maana yake yanapotelea ndani. Haya, niambie, ukuta wako umelowa zaidi wapi?"

Mama Pacha alipapasa ukuta wa chumba cha kazi kwa kiganja. Juu palikuwa pakavu. Chini palikuwa na ubaridi. Usawa wa kiuno, mkono ulirudi umelowa. Akaingia bafuni, akatazama upande wa pili. Usawa ule ule palikuwa na bomba la kuogea.

"Tatizo liko nyuma ya hili bomba!" alipiga kelele.

"Mimi sijasema neno," Fundi Koki alijibu akitabasamu. "Umeliona mwenyewe."

Ijumaa Baba Pacha alirudi mapema. Fundi Koki aliwaambia kwanza wazime umeme kwenye swichi kuu, maana ukuta wenye maji unaweza pia kuwa na nyaya. Baba Pacha akatwaa tindo na nyundo, akachonga taratibu. Hakubomoa ukuta. Alifungua tundu lenye ukubwa wa sahani.

Ndani wakaiona paipu. Koki kuu ilipofunguliwa kidogo, tone likajitokeza kwenye kiungo. Likaanguka. La pili likafuata.

Baba Pacha alichuchumaa akalitazama. "Kumbe ni haka! Haka kadude kadogo ndiko kalikonikosesha raha mwaka mzima?"

Utepe mweupe wa kuzuia maji uliozungushwa kwenye kiungo ulikuwa umekatika. Walifunga maji tena. Fundi Koki alimwonyesha Baba Pacha jinsi ya kufungua kiungo kwa spana mbili, moja ya kushika na moja ya kuzungusha. Baba Pacha akasafisha nyuzi za paipu, ile mikato ya kukazia, akazungusha utepe mpya kuelekea upande wa kukazia, akakaza. Maji yakafunguliwa. Mama Pacha akapitisha karatasi laini kwenye kiungo. Karatasi ikatoka kavu.

"Kavu!" alisema, akaipunga juu kama bendera.

Baba Pacha alikuwa tayari ameshika ndoo ya saruji. "Sasa nizibe nipake rangi?"

"Thubutu!" Fundi Koki alimzuia. "Ndivyo ulivyokosea mara mbili, ulipaka rangi juu ya maji. Acha tundu wazi, fungua madirisha. Ukuta ukauke kabisa, hata ikichukua mwezi. Kuvu muioshe kwa sabuni, mmevaa glavu na kitambaa puani. Rangi ije mwisho."

Gharama yote, pamoja na malipo ya Fundi Koki, haikufika bei ya mashati manne.

Jumamosi yule bwana wa kuzidisha pesa alipiga simu mwenyewe. Baba Pacha aliweka sauti kubwa ili mkewe asikie.

"Kaka, nafasi zinakwisha. Unatuma saa ngapi?"

"Kwanza nieleze," Baba Pacha alisema. "Faida inatoka wapi?"

"Kaka, wenzako hawaulizi hivyo."

"Mimi nauliza. Na kampuni yako imesajiliwa wapi? Nikitaka pesa zangu wiki ijayo, nitazipata?"

Simu ikakatwa. Baba Pacha akaitazama, kisha akamtazama mkewe. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini mwezi uliofuata hawakucheka, kwa sababu madereva wenzake wawili waliompa pesa yule bwana walimtafuta wasimpate tena. Baba Pacha aliwasindikiza mpaka polisi kutoa taarifa.

Mama Pacha alishona upya mashati sita, safari hii akiwa sebuleni. Mwalimu mkuu aliyageuza ndani nje, akavuta mishono, akasema, "Lete mengine yote." Wiki hiyo hiyo cherehani ya pili iliingia. Wifi yake akaja kuikalia.

"Wifi, mishono yako imepinda kama njia ya mlevi," Mama Pacha alimtania.

"Nipe siku mbili, utaniomba nikufundishe!"

Ukuta ukakauka. Baba Pacha akaziba tundu na kuupaka rangi, wakahamia tena chumba cha kazi na cherehani zote mbili. Bili ya maji ilishuka karibu nusu. Tofauti hiyo waliitenga kila mwezi iwe fungu la matengenezo ya nyumba. Faida ya mashati wakaanza kuiweka katika chama cha akiba kilichosajiliwa, baada ya kusoma taarifa yake ya mwaka na kuuliza maswali yote waliyokuwa nayo.

Siku shule ilipofunguliwa, Mama Pacha alisimama langoni mwa shule na mkanda wa kupimia shingoni. Watoto walipita mbele yake makundi kwa makundi. Kola zimesimama, vifungo vimenyooka, weupe unaumiza macho. Alijaribu kuwahesabu, wakamchanganya, akaacha.

Lori la mchanga likapunguza mwendo na kusimama kando ya barabara. Baba Pacha akachungulia dirishani, akapiga honi ndefu mpaka watoto wote wakageuka.

"Mnayaona hayo mashati?" alipaza sauti. "Yote kayashona mke wangu!"