Mjomba Aliyetoka Jijiga

Kila alasiri, akitoka shule, Nzisa alipitia nyumbani, akavua sare, akanywa uji, kisha akaenda kwenye kiwanda cha ngozi cha mama yake. Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa banda la mabati nyuma ya soko la Kyuso, lenye mapipa ya chokaa, mapipa ya magome ya mgunga na fremu za mbao za kuwambia ngozi za mbuzi. Harufu ilikuwa kali hadi mgeni aliziba pua, lakini Nzisa alikuwa ameizoea. Kazi yake ilikuwa kufagia manyoya ya mbuzi yaliyokwanguliwa na kuyapeleka shimoni.

Mama yake, Kaveke, alikuwa ameajiri akina mama wa kushona viatu na mikoba, pamoja na fundi mmoja, Mowlid. Ngozi ngumu kama ubao ikipita mikononi mwa Mowlid ilitoka laini kama kitambaa, na pale Kyuso hakukuwa na mwingine aliyeweza kazi hiyo. Alikuwa mtu wa Jijiga, nchini Ethiopia. Mwaka wa kwanza alipoenda kuwaona watu wake, wengi walisema huyo ameenda moja kwa moja. Aliporudi, nyanya yake Nzisa alifurahi sana, akampa jina la Kikamba, Nzioka, yaani yule aliyerudi. Akamwingiza pia katika ukoo wao wa Atangwa. Tangu siku hiyo watoto wote walimwita Mjomba Nzioka.

Basi mwaka huu redio ikatangaza kwamba utaratibu wa vibali vya kazi kwa wageni unabadilika. Kaveke hakungoja kusukumwa. Alipiga simu ofisi ya uhamiaji akauliza lipi limebadilika na lipi limebaki. Akaambiwa aombe kibali kipya mapema, na aonyeshe kuwa kuna mwenyeji anayefundishwa ile kazi. Akamweka Mbaluka, msichana aliyemaliza shule ya upili, ajifunze kwa Mowlid. Ombi likatumwa kibali cha zamani kikiwa bado kinafanya kazi.

Wengine walimcheka. Mutisya, aliyewauzia ngozi mbichi, alishika kiuno akasema, "Kaveke, huyu si Nzioka wetu? Mtu wa Atangwa anatafutiwa kibali cha kukaa Kyuso! Basi nitafutie na mimi!"

"Nyumbani ni wetu," Kaveke akajibu. "Kwa serikali ni mgeni, na mwajiri wake ni mimi. Jambo likiharibika, si wewe utakayeulizwa."

Nzisa alisikia maneno hayo, lakini alichobaki nacho kilikuwa hofu. Shuleni mambo yalizidi. Kijana mmoja wa darasa lake, Muindi, alimwambia mbele ya wenzake, "Mjomba wenu atabebwa na gari la serikali kama mbuzi wa mnada! Mee!" Wote wakacheka. Nzisa hakumweleza mama yake. Hapo ndipo watoto wengi wanakosea, wanabeba hofu peke yao mpaka inawafanya waseme wasilopaswa.

Alhamisi moja Kaveke alikuwa ameenda Mwingi kununua bizimu za mikanda. Nzisa alikuwa akifagia mlangoni mama mmoja aliposhuka kwenye gari, amebeba faili.

"Hujambo, mtoto mzuri? Mimi naitwa Bi. Mutanu, natoka ofisi ya uhamiaji. Mwenye kiwanda yuko?"

"Sijambo. Mama hayuko."

"Sawa. Nimekuja kumwona yule fundi mgeni anayefanya kazi hapa."

Ufagio ukamteleza Nzisa mkononi. Alilikumbuka lile gari la serikali alilolitaja Muindi. "Hapa hakuna mgeni," akasema. "Fundi ni mjomba wangu. Anaitwa Nzioka. Ni wa ukoo wetu, Atangwa." Moyoni akajiambia kuwa huo si uongo kabisa, kwani nyanya mwenyewe ndiye aliyempa jina.

Mowlid akatokea nyuma ya banda akipangusa mikono. Bi. Mutanu akamsalimu kwa Kikamba, naye akajibu vizuri kabisa. Kisha Bi. Mutanu akamwuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Jijiga, Ethiopia."

"Anatania!" Nzisa akadakia haraka. "Mjomba hupenda mzaha."

Mowlid akamgeukia kwa mshangao. "Mzaha gani, Nzisa? Kwetu ni Jijiga. Kwani wewe hujui?"

Bi. Mutanu akafunga faili. Hakupandisha sauti, ila uso wake ulibadilika. "Ombi lililo ofisini linasema kuna mgeni hapa. Mtoto wa mwajiri anasema hakuna. Mtoto hawezi kujitungia ukoo na jina. Kuna mtu mzima aliyemfundisha. Na mimi mahali ninapokuta watu wamefundishwa kuficha, ombi lao naliweka kando."

Wale akina mama wakaacha kushona. Wote walijua maana yake. Ombi likiwekwa kando, kibali cha zamani kikiisha Mowlid angelazimika kwenda, na Mbaluka bado hakuwa amejua kazi hata nusu. Bila ngozi laini, wao wangeshona nini?

Mbaluka akampigia Kaveke simu. Bahati nzuri alikuwa tayari njiani. Alifika kwa boda akiwa amejaa vumbi, akamsalimu afisa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijamfundisha mtu kusema uongo," akasema.

"Ama ni huyu," Bi. Mutanu akasema, akimtazama Mbaluka. "Ndiye aliyebaki na mtoto."

"Aiee! Mimi tena?" Mbaluka akashika kifua.

Nzisa alitazama chini. Angeweza kunyamaza, na lawama ingemwendea Mbaluka, ambaye hakuwa amefungua mdomo. Machozi yakamtoka. "Hakuna aliyenifundisha," akasema. "Ni mimi. Jina la Nzioka alipewa na nyanya, lakini yeye ni mgeni na nilijua. Niliogopa mtambeba na gari."

Bi. Mutanu akamgeukia Mbaluka. "Haya. Ombi linasema wewe ndiye unayefundishwa. Hebu nionyeshe."

Mbaluka akachukua kisu cha kukwangulia, akainama juu ya ngozi. Akaanza kukwangua, kisu kikiwa wima.

"Laza kisu!" Mowlid akafoka. "Ukikisimamisha hivyo utaitoboa. Jana nilisema nini?"

"Nilaze, nivute kwangu."

"Sasa mbona unakwangua kama unachimba mtaro?"

Akina mama wakaangua kicheko, na Bi. Mutanu naye akacheka. "Hapa pana mwalimu na mwanafunzi kweli," akasema. "Hayo hayakupangwa kwa ajili yangu." Akafungua faili tena, akaandika. Alipokuwa akiondoka alimwambia Kaveke, "Ulijiandaa vizuri, mama. Lakini ulisahau mtu mmoja."

Wiki chache baadaye kibali kipya kikatoka. Akina mama wakapiga vigelegele hadi wauza mbuzi wakaja kuchungulia. Nzisa alibaki kando. Mama yake akamwita, wakaketi juu ya gogo.

"Yule afisa alisema kweli," Kaveke akaanza. "Nilipiga simu, nikamtafuta Mbaluka, nikatuma ombi. Wewe sikukuambia kitu, nikidhani ni mambo ya wakubwa. Mwenye kuajiri mtu akisikia sheria inabadilika, awaeleze wote waliomzunguka, hata mtoto anayefagia. Hilo ni kosa langu."

"Na langu ni uongo," Nzisa akasema.

"Naam. Nusura umharibie mtu unayempenda, kwa kumpenda. Siku nyingine ukiwa na hofu, njoo uniulize. Na ukiulizwa kuhusu yeye, sema tu huyu ni Mowlid wa Jijiga, ni mgeni, anafanya kazi kwa mama kwa kibali, na sisi nyumbani tunamwita mjomba. Yote hayo ni kweli, mwanangu. Katika hayo yote, lipi lingemdhuru?"

Nzisa akafikiri, akatafuta. Hakuliona hata moja.