Mpagazi wa Tisa

Jioni ile nilikwenda Sekei kununua kamba. Basi, kamba tu. Kamba za magomba za kufungia mizigo, kwa sababu kesho yake alfajiri tulikuwa tunahama Arusha kwenda Tanga, mimi na mume wangu Sumari.

Ulikuwa mwaka ule gari la moshi lilipofika Moshi. Sumari alikuwa ameongoza misafara ya wapagazi tangu siku za Wajerumani kujenga boma, na sasa alikuwa amepata kazi ya kusimamia bohari Tanga. Safari niliipanga mimi. Mimi ndiye niliyesoma hesabu shule ya misheni, nikabatizwa Tabea. Yeye alijua kuamrisha tu.

Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye kibao changu cha shule. Siku nne kwa miguu hadi Moshi. Wapagazi wanane, kila mmoja kibaba kimoja cha unga kwa siku. Nauli ya watu wawili, daraja la mwisho. Akiba kidogo, kama mvua ingetuchelewesha mtoni. Nilijumlisha, nikafuta, nikajumlisha tena. Mzigo mmoja ulikuwa unabaki.

Mzigo wenyewe ulikuwa wa mama yangu. Blanketi jipya, kibuyu cha asali na shuka mbili, vya kumpelekea mdogo wangu Aminieli.

Aminieli alikuwa Tanga. Miaka minne nyuma aliondoka na msafara wa Sumari, akiwa mpagazi, na hakurudi. Sumari alituambia amepata kazi bandarini, amenogewa na mji. Mama alilia siku moja, kisha akashukuru Mungu. Mimi nilianza kuweka heller moja moja, zile senti za Wajerumani, kwenye kibuyu kilichopasuka. Kuhama kule, kwangu, kulikuwa ni kumfuata Aminieli. Mimi ndiye niliyemlea mgongoni, mama akiwa shambani.

Sasa nauli ipo, unga upo, na mzigo wake hauna wa kuubeba.

Nilikuwa nawaza hivyo nikivuka mto Themi, kamba begani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Njia ilikuwa tope tupu.

Mtu alikuwa amesimama ng'ambo.

Alijifunika gunia kichwani, kama watu wanavyojikinga na manyunyu. Uso sikuuona.

"Msafara wa Sumari," alisema, "bado mnataka mpagazi?"

Sauti yake ilikuwa kavu. Kama ya mtu aliyemeza vumbi.

"Tumetimiza wanane, kaka."

"Upo mzigo mmoja."

Nilishtuka kidogo. Lakini Arusha ya siku zile ilikuwa ndogo, na habari za msafara zilijulikana kwa kila mtu.

"Hela za kumlipa mwingine sina," nikamwambia.

"Sitaki hela. Nataka posho yangu."

Mtu wa hesabu nikapiga hesabu. Vibaba vinne tu, kutoka kwenye akiba! Nikafurahi. Nikamwambia aje alfajiri.

Alipogeuka kwenda zake, harufu ilinipitia. Si ya jasho wala ya pombe. Ilikuwa harufu ya nyika wakati wa kiangazi, ardhi iliyokauka ikapasuka... Nikatazama chini.

Tope lote lile, na miguu yake ilikuwa na vumbi jeupe.

Sikumwambia Sumari.

*

Tulitoka kabla jua halijachomoza. Sumari alitangulia mbele na fimbo yake, kama desturi yake, bila kugeuka nyuma. Nyuma yake wapagazi wanane wenye cherehani, masanduku na vyungu. Halafu mimi. Na nyuma yangu, mbali, yule wa tisa, mzigo wa Aminieli kichwani.

Kutwa nzima hakusema neno. Tulipopumzika, yeye hakutua. Alisimama tu njiani, gunia usoni, mzigo juu. Nilimwita aje apumzike. Hakuitika. Wapagazi walianza kutazamana, na kila tulipoondoka walikuwa wanakaza mwendo, mpaka nikawa nabaki nyuma peke yangu naye.

Ch... ch... ch... Nyayo zake zilikuwa zinakwaruza, kama mtu anayetembea kwenye majani makavu. Na majani yale yalikuwa yamelowa.

Jioni tulipiga kambi karibu na Kikatiti. Sumari alikaa kwenye kiti chake kando ya hema, akamimina chai. Mimi nilifungua gunia la unga, nikaanza kupima posho. Kila mpagazi alikuja na kitambaa chake, nikammiminia, akaenda.

Wa mwisho alikuwa mzee Lemburis. Huyu alikuwa amebeba mizigo ya misafara tangu ujana wake. Hakuleta kitambaa. Alichuchumaa karibu yangu.

"Mama Tabea," alinong'ona. "Yule umemtoa wapi?"

"Themi. Kwani vipi, baba?"

"Nilimpelekea moto. Nimemwona uso."

Akageuka kulitazama hema la Sumari. 

"Yule ni mdogo wako."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka, kwa sababu moyo uliruka kwa furaha kwanza. Aminieli! Amerudi kunitania! Nikataka kusimama. Lemburis akanikamata mkono.

"Kaa. Nilikuwepo, mwanangu. Sote tulikuwepo na tukaapishwa tusiseme." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Homa ilimshika nyikani, kupita Same. Hakuweza kusimama. Mumeo akapima unga, akaona hautoshi kufika. Akasema mgonjwa halipiwi posho. Kijana akaomba tumwachie hata gao moja la unga, la kujaa kiganja. Mumeo akachukua mpaka kitambaa chake, akakung'uta unga uliokuwemo, akaurudisha guniani."

"Akafa?"

"Tulimwacha akiita. Shemeji, shemeji... Tulimsikia mpaka tulipovuka kilima."

"Hamkumzika?"

Lemburis aliinamisha kichwa.

Sijui nilikaa pale muda gani.  Miaka minne nilimpikia mtu yule. Nilimwosha miguu akitoka safari. Niliosha vumbi la nyika ile ile.

Nikachota kibaba cha unga, kimejaa mpaka kinamwagika. Nikaenda kule alikokaa yule wa tisa.

Alikuwa amechuchumaa chini ya mti wa mgunga, mzigo bado kichwani. Hakuinua uso. Alinyoosha viganja viwili, akavikutanisha. Kwenye kiganja cha kushoto lilikuwepo kovu la moto, refu, limekunjamana. Nililijua kovu lile. Alishika jiko akiwa na miaka mitatu, na mimi ndiye niliyempaka asali.

Nikammiminia unga.

Haukubaki viganjani. Ulipita, kama viganja havipo, ukamwagika vumbini.

"Ongeza, dada," akasema.

Nikarudi, nikachota. Nikamiminia tena. Ukapita.

"Ongeza..."

Nilimiminia mpaka posho ya siku zilizobaki ikaisha, na akiba ikaisha, na gunia likawa tupu mkononi mwangu. Chini yake kulikuwa na kilima cheupe cha unga. Yeye alikuwa bado amenyoosha mikono.

Nikaelewa kwamba hakukuwa na unga wa kumtosha.

Nilimfuata Sumari hemani. Nilitaka kumsikia kwa masikio yangu. Nikamuuliza kwa upole, kama mke anayesubiri kufika mjini:

"Baba, tukifika Tanga, Aminieli tutampata wapi?"

Akanywa chai yake.

"Bandarini. Nilimwacha mzima, amenenepa. Hata hatakukumbuka."

"Basi vizuri," nikasema.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Meru, mzito, hata moto wa kuota huuoni hatua kumi. Wapagazi walisimama karibu karibu kama mbuzi. Hakuna aliyegusa mzigo. Sumari akatoka hemani akifoka, fimbo juu.

"Inukeni! Wanane mnashindwa na ukungu?"

"Tuko tisa, bwana," Lemburis alisema.

"Tisa? Nani aliajiri wa tisa?"

Wapagazi wakanitazama mimi. Kwenye ukungu tukasikia... ch... ch... ch...

Akatokea. Akaja taratibu, akapita katikati yetu, na wapagazi wakaachana kumpisha. Akasimama mbele ya Sumari. Harufu ya kiangazi ikajaa kambini, midomo yetu sote ikakauka.

"Shemeji," alisema. "Nitue."

Ninyi mnajua. Mtu mwenye mzigo kichwani akisema nitue, mikono inakwenda yenyewe. Tumefundishwa tangu utoto, na hata mtu mbaya hujikuta ameshanyoosha mikono. Sumari alikuwa ameshika mzigo kabla hajafikiri. Ndipo gunia lilipoanguka kutoka usoni kwa yule wa tisa.

Sitaeleza uso ule. Aminieli alifanana na mama yangu. Kila ninapomtazama mama nauona.

Sumari alipiga ukelele. Alirudi nyuma, na mzigo ukarudi naye. Haukuwa tena kichwani kwa Aminieli. Ulikuwa kichwani kwake. Blanketi, asali na shuka mbili tu, hata mwanamke angeubeba akiimba. Lakini shingo ya Sumari ilididimia. Magoti yakapinda. Alijaribu kuutupa, ukakataa. Alishika kwa mikono miwili akausukuma, mishipa ya shingo ikatoka... ukakataa.

"Ni mama yako!" akanipigia kelele. "Mama yako ametuvunjia chungu! Ametulaani!"

Kisha akanigeukia kwa taabu.

"Tabea, mke wangu... nitue."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mikono yangu ilinyanyuka. Nasema kweli mbele ya Mungu, ilinyanyuka yenyewe, kama yake. Nikaitazama. Kisha nikaishusha, nikaikunja nyuma ya mgongo, nikashika vidole vyangu kwa nguvu mpaka vikauma.

"Mgonjwa halipiwi posho," nikamwambia.

Alinielewa. Niliona kwenye macho yake.

Aminieli akageuka, akaingia kwenye ukungu. Sumari akamfuata. Si kwa hiari. Alikuwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba ya shingo, visigino vinakokota ardhi. Tulimsikia akiniita kwa jina. Halafu akamwita Lemburis. Halafu akawaita wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyetikisika. Tulisimama tukisikiliza mpaka sauti ilipovuka kilima.

Ukungu ulipoondoka tulifuata nyayo. Zilikuwa za mtu mmoja, zimezama sana. Kando yake palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi kavu juu ya tope. Vyote viwili viliishia kwenye mwamba.

*

Tulirudi Arusha. Nilikwenda kwa mama, nikamkuta akimenya ndizi. Nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kumenya. Baada ya muda nikamuuliza kuhusu chungu. Akanitazama kwa mshangao.

"Nivunje chungu kwa nini? Mimi nilijua mwanangu yuko Tanga. Kila Jumapili namwombea huyo mumeo."

Basi, si yeye. Na kama si yeye, sijui ni nani aliyemwamsha mdogo wangu kule nyikani. Mchungaji anasema ni shetani. Lemburis anasema maiti asiyezikwa hahitaji kuamshwa. Askari wa boma waliandika kwamba Sumari ametoroka na mali ya msafara.

Mwaka uliofuata alikuja fundi mmoja wa reli kutoka Buiko, Mpare, akalala kwa jirani. Wakati wa chakula alisimulia kwamba wafanyakazi wake wanaogopa kazi ya asubuhi. Yupo mtu anapita kando ya reli wakati wa ukungu, shingo imezama mabegani, mzigo kichwani. Anaomba watu wamtue. Mmoja alijaribu, mikono ikakauka mpaka leo. Sasa wanamkimbia.

"Anasema anamtafuta mke wake," fundi alisema. "Eti ni yeye tu anayeweza."

"Mara ya mwisho alionekana wapi?" nikauliza.

"Mwezi uliopita alikuwa Same. Wiki iliyopita wamemwona Moshi." Akatafuna, akafikiri. "Kumbe anakuja huku."

Niliaga, nikarudi nyumbani. Wiki ile ile niliwaita mafundi wakabomoa mlango wangu, wakajenga mwingine, mfupi. Ukitaka kuingia lazima uiname sana. Mwenye mzigo kichwani hapiti mpaka mtu wa ndani atoke amtue.

Majirani wanaucheka mlango wangu. Usiku huwa nalala vizuri. Ni asubuhi za ukungu tu ndizo nakaa kitandani, mikono nimeikalia, nikisikiliza njia.