Mapera Yaliyofanana Mno

Simu ilitetemeka juu ya meza ya maabara, ikajisogeza kidogo kidogo kuelekea beseni la maganda kana kwamba nayo imechoka kukaa na mapera. Mkemia hakuishika. Mkono mmoja ulikuwa kwenye koki ya bomba la kioo, mwingine ukitikisa chupa ya juisi. Tone la bluu likadondoka, likamezwa. Likadondoka jingine, likamezwa. Vitamini C ya pera ndivyo ilivyo: humeza rangi mpaka ishibe, na ikishashiba, tone linalofuata huiachia juisi wekundu wa waridi usiofutika. Hapo ndipo unapofunga koki na kusoma.

Alisoma. Akafumba macho.

Kipimo hiki alikuwa ameshakirudia mpaka mabega yanamuuma. Chama cha wakulima kilikuwa kimeomba aina nne za mapera zipimwe, kikitaka kujua ipi ina sukari zaidi, ipi chachu zaidi, ipi ina vitamini zaidi, ili aina moja itakayoongoza ipandwe mashamba yote. Nyekundu ilikaa mahali pake, Nyeupe ikakaa pake, kama ndugu wenye heshima zao. Lakini Kibuyu na Mwandani walilingana kwa kila kitu. Sukari ileile, uchachu uleule, vitamini ileile. Aina mbili zinaweza kukubaliana kwa jambo moja, hata mawili. Zikikubaliana kwa yote, ujue mmoja wao amevaa nguo za mwenzake.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Akaosha vyombo upya, akabadilisha dawa, akajaribu kipima sukari kwa maji matupu. Mkuu wa maabara, mama mwenye ulimi wa pilipili, alichungulia akasema kumbe mchumba kaleta mapacha, sasa wanangoja nini kuoana. Akacheka peke yake akaenda zake.

Mkemia hakucheka, maana jibu lilikuwa limeshamwingia kama baridi. Kanuni ya maabara ilisema matunda yachumwe na mtu wa maabara. Yeye, kwa uchovu na kwa kuamini, alimwachia Bwana Miche, mwenye kitalu cha miche, achume yote. Nani atamshuku mchumba wake kwa mapera?

Akaichukua simu, akasoma ujumbe wa Bwana Miche.

“Mrembo wa chupa, Mwandani ameshinda? Mama ananiuliza kutwa.”

Mwandani lilikuwa pera la marehemu baba yake Bwana Miche. Mzee alilizalisha mwenyewe, akaliita hivyo kwa ajili ya mkewe, akafa akilisifia. Tangu msiba, kijana alikuwa ameapa hataoa mpaka pera la baba lipate jina. Harusi ilisubiri mvua, ikasubiri maua, sasa ilikuwa inasubiri chupa. Na Mkemia alijua vizuri alichokuwa amekishika: akinyamaza, Mwandani ataongoza sambamba na Kibuyu, chama kitapiga makofi, yeye atavaa shela. Kunyamaza kulikuwa na harusi ndani yake.

Akavua koti jeupe, akaenda kitaluni.

Bwana Miche alikuwa ameinama akimwagilia. Alipomwona, uso ukamchanua, akamwambia amechoka, akae, amletee maji. Mkemia hakukaa.

“Mapera ya mfuko wa Mwandani uliyachuma wapi?”

“Swali gani hilo? Kwa mzee.”

“Hapo nimekuuliza kama mkemia. Sasa nakuuliza kama mchumba wako. Sitauliza tena.”

Kijana akaliweka chini kopo la kumwagilia. Akachuma jani kavu, akalivunjavunja mpaka likawa unga.

“Kwa jirani,” alisema.

“Kibuyu?”

“Mifuko yote miwili. Kwa nje yanafanana, nikajua hutagundua. Nilikuwa nimeonja ya mzee kwanza. Yana majimaji tu. Nikajiambia siwezi kumpeleka baba yangu maabara akaaibike.”

“Kwa hiyo ukamvisha ushindi wa jirani.”

“Nilifanya kwa ajili yetu. Ungetia saini tu, mwezi ujao tungekuwa mume na mke. Nani angejua?”

“Mimi. Kila ukinikumbatia ningekuwa nasikia matone yakidondoka.”

Akataka kumshika mkono. Mkemia akaurudisha nyuma, si kwa hasira. Hata hasira inataka nguvu.

“Nitachuma mwenyewe,” alisema. “Yakitoka majibu, utamsomea mama yako wewe. Na uongo wako utautaja kwa mdomo wako. Ukishindwa, usinitafute.”

Alichuma, akakamua, akadondosha. Mkuu alipoelezwa jinsi kanuni ilivyovunjwa alimkaripia mpaka madirisha yakasikia, kisha akamwagizia chai, maana naye aliwahi kuwa msichana. Wakayafuta majibu ya mfuko wa kwanza, wakaandika upya.

Mwandani alikuwa wa tatu kati ya wanne. Mtu wa mwisho angalau huonewa huruma. Wa tatu hana hata wa kumpa pole. Mkemia akaandika ujumbe: “Wa tatu. Nimeshatia saini.”

Jibu lilichelewa. “Twende wote kwa mama. Peke yangu siwezi.”

“Utaweza. Nitakaa pembeni tu.”

Mama mtu alikuwa jikoni, sinia la maharage mapajani, akitoa mawe. Aliwakaribisha, akamsogezea Mkemia kigoda, akaendelea na mawe yake. Bwana Miche akasimama mlangoni kama mdaiwa. Kijana huyu mitaani alikuwa na maneno ya kuuza na kubakiza. Hapo aliyatoa moja moja.

“Mama, Mwandani amekuwa wa tatu.”

“Kati ya wangapi?”

“Wanne. Na kabla ya hapo nilidanganya. Nilipeleka mapera ya jirani, nikasema ni ya baba.”

Jiwe moja likadondoka kwenye sahani. Mama akalitazama.

“Ya jirani matamu,” alisema. “Baba yako alikuwa akiruka ua kuyaiba.”

“Baba?”

“Kila msimu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ngazi. Alikuwa akisema Mwandani ni wa kupendwa, Kibuyu ni wa kuliwa.”

Bwana Miche akateleza kwenye mwimo wa mlango. Akakaa chini palepale sakafuni, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akajifuta uso kwa shati.

“Sasa mbona alimsifia Mwandani mpaka kufa?”

“Ulitaka amsifie mke wa jirani? Alikuachia mti, mwanangu. Mashindano umeyaleta wewe.” Akamgeukia Mkemia, sauti ikashuka. “Na wewe mama, mbona umekonda hivyo? Huyu kaiweka harusi yako juu ya mti, akakaa chini kungoja iive.”

Mkemia akasogeza kigoda karibu. Akavuta upande mmoja wa sinia, akaanza naye kutoa mawe.

Bwana Miche alimsindikiza mpaka kona. Mwisho akauliza kama bado anamtaka.

“Niulize nikishalala,” alisema Mkemia. “Leo sina jibu la kitu chochote.”

Siku iliyofuata simu ilitetemeka tena mezani, ikalisogelea beseni. Mkemia alikuwa kwenye nanasi sasa, wateja wapya, uchovu uleule. Akafunga koki kwanza, akafuta mikono, akapokea.

Tangu mapera yaingie maabara, kila simu ya mtu huyu ilianza na Mwandani. Akaingoja ianze.

“Asubuhi nimeenda chamani, nimewaambia wote,” alisema Bwana Miche. “Wamenizomea vya kutosha. Sasa nataka tarehe. Wiki ijayo, au ile nyingine?”

Mkemia akaegemea ukuta. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia uwanja, taratibu, ufagio ukikwaruza.

“Ijayo,” alisema. “Na usinipambie ukumbi kwa mapera.”